Mchungwa wa uani unaliwa majani na mlaji haonekani: jibu kwa mama wa Isevya, Tabora

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Tabora mjini, Isevya. Nina mchungwa wa kubebesha niliupanda uani, huu mwaka wa tatu sasa, unanifika kichwani. Tangu mvua zianze umechipua vizuri sana ila majani mapya yanaliwa, asubuhi nakuta umebaki ule mshipa wa katikati tu. Nimeangalia weee sioni mdudu, naona tu vinyesi vya ndege juu ya majani. Jirani analima tumbaku huko Sikonge, ana dawa imebaki nusu chupa, anasema nipulize mara moja tu kwisha habari. Shemeji yeye anasema ni wale viwavi wa mahindi kwasababu nimepanda mahindi pembeni. Nina watoto wadogo na kuku wanashinda chini ya huo mti. Una machungwa machache bado mabichi. Utakufa? Nifanyeje? Na hayo machungwa tutakula kweli?"*

Marahaba mama, na pole. Mche wa kubebesha unaununua kwa hela yako, unaumwagilia kiangazi chote cha Tabora na lile jua la mwezi wa tisa na wa kumi, alafu mvua zinafika unaanza kufurahia majani na asubuhi unakuta yameliwa. Uchungu wako nauelewa kabisa. Nitajibu yote uliyouliza, ila naanza na la haraka: ile nusu chupa ya jirani usiiguse kwanza. Mwambie ahsante, mwambie kuna mtu unamsubiri akushauri. Sababu nitaieleza mbele, ila hata ukiishia hapa kusoma hilo liwe umelipata.

Sasa turudi kwenye hivyo vinyesi vya ndege. Umevigusa? Chukua kijiti kidogo au njiti ya kiberiti, nenda kwenye jani lenye hiyo "kinyesi", kiguse taratibu upande mmoja. Kama ni kinyesi kweli kitakuwa kikavu kitameguka, au kibichi kitapakaa. Kama ni kile ninachokidhania mimi, hicho kitu kitajikunja, na mbele, nyuma tu ya kichwa, zitachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa au nyekundu, zinalowa lowa, zimeungana chini kama manati, na utasikia harufu kali ya maganda ya chungwa yaliyoanza kuchacha. Baada ya muda kidogo zinarudi ndani kana kwamba hakukuwa na kitu. Huyo ndio mlaji wako. Ni kiwavi wa kipepeo, wataalamu wanamwita Papilio demodocus, na kipepeo mwenyewe bila shaka umeshamuona uani kwako mara nyingi ukamsifia, ni yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano yametapakaa mabawa yote, na chini kwenye bawa la nyuma ana doa lenye wekundu na bluu kama jicho. Anapatikana karibu Afrika yote kusini mwa Sahara, na watoto wake chakula chao ni jamii ya michungwa, yani mchungwa, mlimao, mndimu, mchenza, mbalungi.

Zile pembe haziumi wala hazina sumu ya kumdhuru mtu, watu wengi wanaogopa wakidhani ni nyoka mdogo au mdudu wa kuchoma. Hamna. Ni harufu tu ya kuwafukuza maadui kama sisimizi. Mtoto akimshika bahati mbaya anawe mikono na sabuni, inatosha.

Umesema umeangalia sana hujaona mdudu, na mimi naamini umeangalia, tatizo ni kwamba huyu kiwavi amejificha kwa namna mbili tofauti kulingana na umri wake. Mama yake anakuja mchana, anatua kwenye chipukizi, anapigapiga jani kwa miguu ya mbele kwasababu ladha anaionja kwa miguu, akijiridhisha kwamba hili ni jani la jamii ya mchungwa anataga yai moja hapo, anahama anataga lingine kwenye jani lingine. Yai ni kaduara kadogo ka njano mpauko, kadogo kuliko kichwa cha pini, na kanakaa peke yake, sio rundo. Siku chache baadae linaanguliwa. Kiwavi mchanga ndio anakuwa kahawia nyeusi mwenye mabaka meupe, anakaa juu ya jani waziwazi kabisa kwasababu kila anayepita, wewe na ndege, anaona kinyesi. Akikua anajivua ngozi mara kadhaa, na mwishoni anabadilika kabisa, anakuwa kijani kibichi mwenye mikanda ya kahawia ya kukata mshazari ubavuni, mnene, urefu sentimita nne mpaka tano hivi. Huyo hakai tena juu ya jani wazi, anajibanza kwenye kitawi, na ile mikanda inavunja umbo lake, unaweza kumuangalia usoni usimuone.

Na hapa ndio penye jibu la kwanini umeona kama mti umevamiwa usiku mmoja. Kiwavi akiwa mdogo anakula kidogo sana, anang'ata ukingo wa jani, hata hushtuki. Chakula kingi anakila zile siku za mwisho mwisho kabla hajawa bundo, yani lile ganda analotulia ndani yake mpaka ageuke kipepeo. Kwahiyo wamekuwepo hapo wiki mbili au zaidi, ila wewe umeanza kuona hasara juzi. Hesabu ya maisha yao kwa hali ya hewa yetu ni kama wiki tatu mpaka nne akiwa kiwavi, alafu anajifunga kwenye kitawi kwa uzi mwembamba unaompita kiunoni anakuwa bundo, wiki mbili tatu baadae anatoka kipepeo, na mzunguko unaanza upya. Ndio mana wakati wa mvua unaona wakubwa na wadogo wamechanganyika mti mmoja.

Kuhusu shemeji. Namheshimu ila hapo hapana. Kiwavijeshi vamizi, yule aliyetusumbua kwenye mahindi tangu aingie Tanzania 2017, anapenda sana mimea ya jamii ya nyasi, mahindi mtama na kadhalika, hana haja na mchungwa wako wakati mahindi yapo pembeni. Ukitaka kumtambua muangalie kichwani ana alama ya Y iliyogeuzwa, na karibu na mkia ana madoa manne yamekaa kwa mraba. Hana pembe za kuchomoza. Hayo mahindi yana kosa lingine tu, kama yako karibu sana na shina yananyang'anya mchungwa chakula na yakirefuka yanauziba jua, mwakani yasogeze hatua mbili tatu.

Ila sijauona mti wako kwa macho, kwahiyo nisikufunge kwenye jibu moja. Fanya ukaguzi huu, hauchukui muda. Angalia chini ya mti na juu ya majani ya chini kama kuna vidonge vidogo vya kijani iliyokolea au vyeusi, hivyo ni vinyesi vya viwavi, na mara nyingi kiwavi mwenyewe yuko juu ya pale ulipokuta vidonge. Kama hamna vidonge kabisa lakini kingo za majani zimeng'atwa meno meno, rudi saa tatu usiku na tochi ya simu, wapo mbawakavu wanaoshinda wamejificha mchana kwenye udongo au nyufa za gome wanapanda kula usiku. Konokono wakubwa wa masika nao wanakula majani ya chini na wanaacha utelezi unaong'aa asubuhi, huwezi kukosa kuuona. Ukikuta jani limekatwa nusu duara safi kabisa kama limekatwa na mkasi, huyo ni nyuki mkata majani, jani lenyewe halili, anabeba kipande kwenda kujengea chumba cha watoto wake, na nakuomba umuache. Ukiona michirizi ya kung'aa ndani ya jani inazunguka zunguka na jani limejikunja, hicho ni kibuu kidogo sana kinachotoboa katikati ya ngozi mbili za jani, nacho hupenda majani machanga hayohayo, wanaweza kuwepo wote wawili kwa pamoja. Na kama vitawi vyenyewe vimenyofolewa, yani sio majani tu, na vyote ni vya usawa mmoja kwenda chini, mama hapo ni mbuzi wa mtu, tafuta miba uzungushie.

Kwa maelezo uliyonipa, majani machanga tu, mshipa wa katikati unabaki, "vinyesi" juu ya majani, msimu wa mvua, mimi ni karibu na uhakika ni kiwavi wa kipepeo.

Mti utakufa? Hapana, usiwe na hofu hiyo. Mchungwa wa miaka mitatu una akiba ya chakula kwenye shina, mizizi na yale majani ya zamani magumu ambayo viwavi wadogo hawayawezi. Ukipoteza majani ya ncha, macho yaliyolala chini yake yanaamka na kuchipua. Mti mkubwa, wale wa miaka kumi na kuendelea, hata usipofanya kitu hautetereki. Shida ipo kwa mti mdogo kama wako ukiliwa chipukizi la kwanza, ukatoa la pili likaliwa tena, la tatu hivyohivyo, kila mara unatumia akiba bila kuingiza kitu, basi ukifika kiangazi unakuwa umechoka na ukuaji wa mwaka mzima umepotea. Kwahiyo kazi yako ni kuulinda kwenye vipindi vya kuchipua tu. Jani likishakomaa likawa gumu na limekolea, hatari imepita kwa kiasi kikubwa. Kwetu hapa chipukizi kubwa linakuja mvua za mwezi wa kumi na moja zikishika, alafu linakuja jingine katikati ya msimu, hizo ndio wiki za kuwa macho.

Dawa nzuri kuliko zote kwa mti mmoja unaokufika kichwani ni mikono yako. Sisemi hivi kwa kukuliwaza, hata ukinipa bomba la kisasa na dawa ya bei mbaya, kwa mti mmoja nitaokota kwa mkono. Kila baada ya siku mbili, asubuhi kabla jua halijawa kali, zunguka mti, anza na zile ncha za kijani laini, pindua majani, yai ukiliona lisugue na kidole, kiwavi mtoe na kijiti umtumbukize kwenye kopo la maji yenye sabuni ya unga kidogo. Watoto wafundishe kutafuta, macho yao yanaona kuliko yetu, na wataifurahia hiyo kazi. Mti wa ukubwa huo ni dakika kumi. Ukifanya hivyo kwa wiki tatu mfululizo umewakata mzunguko, mana wanaotagwa upya unawakuta bado wadogo hawajaanza kula kwa fujo.

Ukikuta kiwavi amenyauka hatembei, au bundo lina kitundu kidogo cha duara, usiliharibu, liache hapohapo. Hilo limeshashambuliwa na nyigu wadogo sana wanaotaga ndani ya viwavi na mabundo, hao ni askari wako wa bure. Hivyohivyo kama una bahati ya kuwa na majimoto kwenye mti, wale siafu wekundu wa juu wanaoshona majani kwa kuyaunganisha, wanang'ata ndio lakini wanakula viwavi vizuri sana.

Ukiona mikono haitoshi, labda una michungwa mingi au umesafiri ukarudi ukakuta hali mbaya, nenda na mwarobaini. Mbegu zilizokauka vizuri, zitwange, gramu hamsini kwa kila lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja na kitambaa, weka sabuni ya maji kidogo sana ili ishike kwenye majani, pulizia jioni. Jioni ni muhimu kwasababu jua linaiharibu haraka. Usitegemee kuona viwavi wanaanguka palepale, mwarobaini haufanyi kazi hivyo, unamfanya kiwavi aache kula na ashindwe kujivua ngozi, kwahiyo mpe siku tatu nne ndio uhukumu, na rudia baada ya wiki au mvua kubwa ikiosha. Majani ya mwarobaini yanasaidia pia ila nguvu ipo kwenye mbegu. Kwenye maduka makubwa ya pembejeo unaweza pia kukuta dawa iliyotengenezwa na bakteria aitwae Bt, inaua viwavi wakiila na haina shida na kuku wala nyuki, inafanya vizuri kwa viwavi wadogo, wale wakubwa wa kijani wanaisumbua kidogo. Ukiipata ni nzuri, usipoipata hujapungukiwa kitu.

Majivu watu wanayapenda, kidogo yanasaidia mpaka mvua inaponyesha. Mafuta ya taa achana nayo, yataunguza hayohayo majani machanga unayotaka kuyaokoa.

Sasa dawa ya tumbaku. Mama, hili naomba tuelewane vizuri. Tumbaku hailiwi kama chungwa. Dawa inaposajiliwa inasajiliwa kwa zao fulani, kipimo fulani, na siku fulani za kusubiri kabla ya kuvuna, na kwa tumbaku hakuna aliyekaa kupiga hesabu ya mtoto anayechuma tunda uani analimenya kwa meno. Baadhi ya hizo dawa hazikai juu ya jani, zinaingia kwenye mishipa ya mmea na kusambaa mpaka kwenye ua na tunda, hata uoshe vipi haitoki. Alafu hiyo ni nusu chupa, lebo inasomeka? Ni ya mwaka gani? Ni chupa yake ya asili au ilihamishiwa kwenye chupa ya soda? Maswali hayo kama jirani hana majibu, dawa hiyo haina kazi nyumbani kwako. Kuku wako wanashinda chini ya mti, watadonoa viwavi waliokufa na sumu na majani yaliyodondokewa, na mayai mnakula nyie.

Kuna na habari ya nyuki, na hapa Tabora nyuki sio jambo dogo, asali ya mkoa huu inajulikana nchi nzima na kuna familia zinasomesha watoto kwa mizinga. Mchungwa mara nyingi unachipua na kutoa maua kwa wakati mmoja, na maua yake nyuki wanayafuata kutoka mbali. Ukipuliza sumu kali wakati huo unaua nyuki wa mtu usiyemjua. Na hata kwa faida yako mwenyewe, sumu kali inaua wale nyigu wadogo na wadudu wengine rafiki, viwavi wa mwanzo wanakufa kweli unafurahi, mwezi mmoja baadae unapata wadudu gamba na utitiri ambao walikuwa wanazuiwa na hao uliowaua. Hapo ndio unajikuta huwezi tena kuacha kupuliza.

Ikitokea siku umelazimika kununua dawa ya dukani, nunua duka la pembejeo lenye kibali, sema ni kwa ajili ya mchungwa, hakikisha lebo ina namba ya usajili ya mamlaka ya viuatilifu, TPHPA, na inataja michungwa, alafu fuata siku za kusubiri zilizoandikwa.

Jambo moja hujaliuliza ila lazima nilitaje kwasababu mti wako ni wa kubebesha. Mti ukiliwa majani ya juu huwa unachipua kwa nguvu kutokea chini. Angalia shina lako, utaona pale palipobebeshwa, kuna kovu au kifundo, kwa kawaida sio juu sana kutoka ardhini. Chipukizi lolote linalotoka chini ya hapo ling'oe likiwa bado changa. Hilo sio chungwa, mara nyingi ni limao kali lililotumika kama shina la chini, linakua haraka na miba mirefu, watu wanalifurahia wakidhani mti umepona kumbe linaua chungwa la juu, baada ya miaka miwili unavuna malimao unashangaa.

Na kuku. Sio kwa ajili ya viwavi, ni kwa ajili ya mizizi. Mchungwa mizizi yake ya kula iko juu juu, kuku wakichakura kila siku wanaikata. Panga mawe kuzunguka au weka matandazo ya nyasi kavu, ila yasiguse shina, acha nafasi ya kiganja, mana shina likikaa na unyevu linaoza. Ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri, ukiizungushia usawa wa mwisho wa matawi wakati huu wa mvua, itausaidia mti kurudisha majani haraka.

Wakati gani utafute mtu aje auone? Kama umeokota wiki tatu na majani bado yanaisha na hukuti kiwavi wala yai. Kama majani yanageuka njano kwa mabaka mabaka upande mmoja tofauti na mwingine, au yana vipele juu na chini yake vishimo, hapo kuna mdudu mwingine mdogo anayefyonza ambaye anaweza kubeba ugonjwa usio na tiba, huo sio wa kusubiri. Kama shina linatoa gundi au gome linabanduka chini. Au matawi yanakauka kuanzia ncha wakati majani hayajaliwa. Kwa yoyote kati ya hayo muone afisa ugani wa kata yako, ofisi ya mtendaji watakuelekeza, au kwa kuwa uko mjini kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tumbi sio mbali na wewe. Usiende mikono mitupu, kata kitawi chenye majani mazuri na mabaya pamoja, kifunge kwenye gazeti, na mdudu kama unaye muweke kwenye kopo lenye vitundu na majani mawili matatu ndani asife njiani. Piga na picha ya mti mzima ukiwa umesimama mbali kidogo.

Machungwa yako mle bila wasiwasi. Kiwavi huyu anakula majani, tunda haligusi na hana kitu anachoingiza ndani ya tunda. Ukiwa umepuliza mwarobaini yaoshe tu kwa maji safi kabla ya kumenya, kwasababu ule uchungu unabaki kwenye ganda na watoto ndio wanaomenya kwa meno.